Daftari la Upanga wa Radi

Rehema mwanangu,

Umevuka kwenda Chole kumuaga bibi yako, na mama yako amekufuata kwa boti ya pili. Alasiri imeshaswaliwa. Nimekaa karakanani kwangu hapa Utende, nimezisogeza spana pembeni ili karatasi ipate mahali, na mikono yangu nimeinawa mara mbili lakini grisi haitoki yote, kwa hiyo utavumilia madoa.

Mambo ya safari sitayataja. Nguo mama yako amezipanga, tiketi ya boti ya Nyamisati unayo, na njia ya kutoka huko mpaka Kigoma umeisoma kwenye simu, unaijua kuliko ninavyoijua mimi. Ulipoletewa orodha ya vyuo ukachagua Kigoma, mama yako alilia akasema hakuna mahali mbali zaidi katika nchi hii. Nilijua umechagua umbali kwanza, ualimu baadaye. Na najua unachokikimbia. Unachokikimbia si chako, ni changu, nami nimekuacha ukibebe mwaka mzima na zaidi bila kusema neno.

Nianze mbali kidogo, kwa sababu nikianza mwisho nitaandika mistari mitatu nikimbie.

Kaka yako Idrisa alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu. Wewe ulikuja miaka miwili baadaye, ukakua ukiona kwamba nyumba ina mtoto mmoja wa kuangaliwa na mmoja wa kuangalia. Mama yako aliambiwa kliniki: anywe maji mengi, asipigwe na baridi, asichoke kupita kiasi, vidonge vyake asikose. Aliyafuata yote. Mimi niliyasikia tu. Kisha Idrisa akafika miaka kumi na sita, akarefuka kunipita, mabega yakatanuka, ikapita karibu miezi minane bila kulazwa. Nikajiambia ugonjwa umemtoka. Hakuna daktari aliyeniambia hivyo. Nililitunga mwenyewe kwa sababu nilitaka mtu wa kuniachia karakana.

Mwaka huo ndio mjomba wenu alileta ile mashine ya gemu iliyochoka. Feni yake ilikuwa imekufa, nikaitengeneza mimi kwa feni ya kompyuta mbovu. Mkaunganisha na runinga, mkaanza lile gemu la mapanga. Nilikuwa nikipita nawaona: mtu mmoja mdogo amevaa deraya, anakimbia porini anapigana na mazimwi. Sikuona maana yake. Lakini nilisikia ugomvi wenu, na ugomvi wenu mkubwa ulikuwa juu ya upanga mmoja.

Maelezo ya gemu yalikuwa ya Kiingereza, wewe ndiye uliyekuwa ukiyatafsiri. Ulimsomea kaka yako: "Upanga huu huenda ukaita radi unapopiga." Mkaupata, mkautumia, na radi ikawa inakuja siku inayotaka yenyewe. Zimwi moja linapigwa mara ishirini, hakuna kitu. Jingine linapigwa kidogo tu, radi inashuka, linaanguka. Wewe ukasema ni bahati, gemu linarusha kete humo ndani. Idrisa akasema, "Hakuna huenda isiyo na sababu. Hatujaijua tu."

Nakumbuka ulimcheka. Nami nilicheka, nikiwa mlangoni na kikombe cha chai.

Akachukua daftari la shule la kurasa themanini, akalipiga mistari. Kila pigo aliliandika. Zimwi lilikuwa limesimama wapi, amelipiga mara ngapi mfululizo, yeye mwenyewe alikuwa na uhai kiasi gani kwenye ule mstari mwekundu, radi imekuja au haikuja. Wewe ulishika pedi ya kuchezea, yeye kalamu, mkibadilishana. Alianza na silaha rahisi. Kisu cha sumu alikielewa upesi: sumu haiingii kwa pigo moja, inajaa kidogo kidogo kila unapochoma, na ukimwacha adui apumue inashuka tena, mpaka uanze upya. Mkuki wa moto ulikuwa rahisi zaidi, ulikuwa ukiwaka ukibonyeza kitufe bila kukiachia. Upanga wa radi ndio uliomsumbua wiki nzima, kwa sababu alikuwa akijaribu jambo moja moja. Alijaribu mapigo matatu ya mfululizo, haikuja. Alijaribu adui aliyesimama mtoni, haikuja. Akataka kukubali kwamba wewe ndiye uliyesema kweli.

Kisha siku moja ya Ijumaa, tumetoka msikitini, nikamsikia akikuita. "Rehema, njoo. Ni vyote viwili. Kimoja peke yake hakifanyi kitu." Adui awe ndani ya maji, na mapigo yawe matatu bila kusita. Likikosekana moja, hakuna radi hata upige mpaka kesho. Yakikutana, radi haikosi. Mlijaribu mara nyingi, nami nikasimama kuangalia, na kila mara ilishuka. Ulikaa chini ukasema, "Basi yule mwandishi wao kaandika huenda ya nini?" Akakujibu, "Kaandika kwa ajili ya mtu asiyehesabu."

Hiyo ndiyo ilikuwa tabia ya kaka yako, na laiti ningeiheshimu siku hiyo.

Sasa nije kwenye sehemu usiyoijua.

Alipoanza kufanya kazi na mimi, kazi aliyoipenda na kuiweza ilikuwa ya chini ya maji. Kamba au kipande cha wavu kikijizungusha kwenye pangaboi la boti, mimi kifua changu hakiniruhusu tena kukaa chini muda mrefu. Idrisa alipiga mbizi na kisu, akakata, akaibuka. Siku nyingine alizama mara nne, akarudi nyumbani anapiga mluzi. Siku nyingine alizama mara moja, na jioni akawa amekunja magoti kitandani, mama yako anamkanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Mimi, mtu wa mashine, niliona jambo hilo halina mpango. Mashine mbovu ni mbovu kila siku. Nikaanza kuwaza kwamba mtoto anachagua siku za kuumwa. Mwanangu, nimeliandika kama lilivyokuwa kichwani mwangu. Nilimdhania mwanangu mvivu.

Siku moja, kipindi cha upepo wa kusi, tukiwa wawili tu hapa karakanani, alileta lile daftari. Aliligeuza nyuma. Kurasa za mwisho zilikuwa na mistari kama ile ya gemu, ila juu aliandika mambo mengine: nimekunywa maji, sijanywa, bahari ya baridi, bahari ya joto, nimezama mara ngapi, maumivu.

"Baba, nimeijua," akasema. "Baridi peke yake naivumilia. Kiu peke yake naivumilia. Nikiingia kwenye maji baridi nami sijanywa maji, siku hiyo hiyo naumwa. Homa nayo iliniletea maumivu mara moja, nimeiandika hapa pembeni. Lakini hivi viwili vikikutana, havikosi. Angalia."

Nilikuwa nasafisha kabureta. Sikuangalia.

"Mbona Jumanne ulizama mara nne hukuumwa?" nikamuuliza.

"Jumanne nilikunywa chupa mbili kabla ya kutoka. Imo humu."

"Hilo ni daftari la gemu, Idrisa. Mwili si gemu."

Akalifunga. Hakununa, hukumjua kaka yako kununa. Akasema tu, "Basi niwe nachukua chupa yangu ya maji." Nikamwambia achukue. Na kwa wiki kadhaa akachukua, na hakuumwa hata siku moja, na mimi macho yangu yakayaona hayo na akili yangu ikakataa kuyajumlisha.

Siku yenyewe unaikumbuka ilivyoanza kwa upande wenu. Mlicheza mpaka saa ya kulala ikapita, mkachelewa kuamka. Mimi nilipigiwa simu baada ya alfajiri: boti ya wageni imekwama karibu na ufuko, kamba nene imeliuma pangaboi, na wageni wanataka kutoka kabla maji hayajakauka. Nikamwamsha Idrisa, nikamwambia twende hivi hivi. Akatafuta chupa yake, haikuwa na maji. Mtungi ulikuwa umekauka, mama yako alikuwa kisimani. Akasema, "Baba, nisubiri mama arudi, ni dakika chache." Nikasema atakunywa tukirudi.

Upepo ulikuwa mkali na maji yalikuwa na baridi ya kukata. Nahodha alikuwepo, wageni sita walikuwepo wakiwa na majaketi yao ya kuelea, na vijana wawili wa boti nyingine walikaa mchangani wakitutazama. Idrisa aliingia mpaka magotini akasimama. Akarudi kwangu, akanisogelea ili wengine wasisikie.

"Baba, sijanywa maji tangu jana jioni. Na haya ni baridi. Waombe maji hawa wageni, wanayo kwenye boti. Nikinywa tu nazama."

Alikuwa hakatai kazi, Rehema. Alikuwa anaomba maji. Chupa zao zilikuwa kwenye ndoo ya plastiki, naziona mpaka leo. Lakini ilibidi mimi, Fundi Shaibu, niwaombe wageni maji ya kumnywesha mwanangu wa miaka kumi na saba kabla hajaingia baharini, mbele ya watu wanaonijua. Nikaona aibu. Nikamwambia kwa sauti, ili wale vijana wasikie, "Kama unaogopa baridi, sema nizame mimi na uzee wangu."

Vijana wakacheka. Idrisa akanitazama kidogo. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayeandika jambo. Akachukua kisu akazama.

Alizama mara saba, kamba ilikuwa ngumu. Boti ikatoka. Nahodha akamsifu, nami nikajisikia vizuri.

Yaliyofuata uliyaona. Adhuhuri miguu, alasiri mgongo, magharibi kifua. Gari la kwenda hospitali Kilindoni, wewe umemshika kichwa. Manesi walifanya yote waliyoweza, walimwekea dripu, walimwekea hewa, daktari hakuondoka kitandani. Alituuliza, "Kuna kitu gani kilitangulia? Amepigwa na baridi? Amekaa bila maji?" Nami nikasema, "Alikwenda kuogelea na wenzake." Ulikuwa umesimama pale. Ulinisikia. Ulidhani ndivyo ilivyokuwa. Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, akafariki.

Nimeyaandika hayo nikaweka kalamu chini, nikaenda mpaka mlangoni, nikarudi.

Kosa la ufukoni lilikuwa la dakika moja. Ningeweza kulisema siku hiyo hiyo likabaki kosa la mtu mjinga. Lakini kuna la pili, nalo nimelifanya kila siku tangu matanga.

Siku ya tatu, watu wakiwa bado wamejaa barazani, ulinifuata nyuma ya jiko. Macho yalikuwa yamevimba. Ukaniambia, "Baba, ni mimi. Nilimchosha na gemu, akaamka hana nguvu. Daktari alisema uchovu nao unaleta."

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa mdomoni. Nikasema, "Mungu ndiye anayejua."

Ni neno la kweli, hakuna Mwislamu atakayelikataa, nami nililitumia kujifichia. Nilikuona ukilipokea kama hukumu. Ulitingisha kichwa, ukaenda kuosha vyombo. Wiki ile ile ukaichomoa mashine ya gemu, ukaifunga kwenye khanga, ukampa yule binamu yako mwenye kibanda cha gemu Kilindoni. Hukuishika pedi tena. Ukaanza kulala mapema kama mzee. Mama yako akidhani ni huzuni ya kawaida, mimi nikijua ni nini, na kila nilipotaka kusema niliona siku zimepita nyingi mno, na kwamba sasa nitaulizwa maswali mawili badala ya moja.

Daftari nililikuta chini ya godoro lake. Nililisoma kurasa zote, za upanga na za mwili. Kisha nikafanya jambo ambalo hamkulijua. Siku zile nilizosema nakwenda Kilindoni kutafuta vipuri, nilikuwa nakwenda kwenye kile kibanda. Binamu yako alidhani nimekuja kurekebisha feni. Nikamwambia nataka kucheza. Watoto waliokuwepo waliniamkia, shikamoo babu, nikaitikia marahaba, wakanisogezea benchi, wakanifundisha kitufe cha kupiga na kitufe cha kukinga.

Sikutaka kucheza, mwanangu. Nilikuwa natafuta radi moja tu iliyokuja bila sababu. Niliwaza hivi: kama upanga ule ukitoa radi hata mara moja pasipo maji, au kwa mapigo mawili, basi Idrisa alikosea kuhesabu. Na kama alikosea kuhesabu upanga, huenda alikosea na mengine, na huenda mimi sikumuua. Nilipiga nchi kavu mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Nilipiga mtoni pigo moja, mapigo mawili, nikasita, nikaanza tena. Watoto wakaniambia, "Babu, piga tatu, usisite." Sikuwasikiliza. Nilikwenda siku sita. Haikuja hata mara moja.

Siku ya sita, kabla ya kuondoka, nililivuta zimwi mpaka katikati ya mto, nikapiga matatu mfululizo. Radi ikashuka. Watoto wakafurahi kwa ajili yangu. Niliweka pedi chini nikatoka, na nilipofika stendi sikukumbuka nakwenda wapi.

Ungetaka nikuambie nimejifunza nini. Nimejifunza kwamba mtu akikuletea jambo alilolihesabu kwa uchungu wa mwili wake, uache unachokifanya umsikilize. Lakini nimejifunza kwa mtu aliyekwisha kuzikwa, na wewe hukuhitaji somo hilo, ulimsikiliza tangu mwanzo. Kwa hiyo halina wa kumfaa. Karakana sina wa kumwachia. Boti zikiuma kamba siku hizi nawaambia watafute mtu mwingine. Nilidhani muda ukipita maumivu yatapungua makali, kama watu wanavyoahidi wakija kukupa pole. Hayajapungua. Ninaamka nayo.

Leo adhuhuri, ulipokwisha kuondoka, nilimweleza mama yako. Nilimweleza yote kama nilivyoyaandika hapa. Alikuwa anachambua mchele. Hakupiga kelele. Aliniuliza jambo moja tu: "Alikuomba maji?" Nikasema ndiyo. Akaweka ungo chini, akavaa baibui, akaenda kupanda boti ya Chole. Sijui kama atalala hapa leo, wala sijui kama atakuwa amekwisha kukuambia kabla hujaifungua barua hii. Vyovyote vile, ilikuwa lazima uyasikie kutoka kwangu.

Mlilala saa ngapi usiku ule, mlicheza kwa muda gani, hayo hayakumuua kaka yako. Alikwisha kukaa macho na wewe usiku mwingi kabla ya hapo, na daftari lake halina hata mstari mmoja wa maumivu uliotokana na hayo. Nimelitafuta jina lako kurasa zote. Lipo upande wa gemu tu, pale ulipokuwa ukishika pedi. Daftari nimeliweka kwenye begi lako, ndani ya ile sweta ya kijivu. Ni lako. Sina haki ya kukaa nalo.

Sitaraji urudi. Sisemi hivi ili unionee huruma. Ningekuwa wewe nisingerudi, na Kigoma ingekuwa karibu mno. Mpigie mama yako kila utakapoweza. Mimi usinipigie kwa sababu ya adabu.

Huko chuoni watakuuliza habari za nyumbani, watu huulizana. Wakikuuliza kaka yako alikufa na nini, usiseme ni gemu, na usiseme ni Mungu tu anayejua. Sema alikuwa na selimundu, alijua kinachoiamsha, akamwambia baba yake, na baba yake akamwingiza kwenye maji ya baridi akiwa na kiu kwa sababu ya aibu mbele za watu. Sema hivyo hivyo. Wakikuuliza jina la baba huyo, litaje.

Shaibu, aliyekuzaa